Joto la Chumba

Vitabu vya sayansi hupenda sana maneno haya: joto la chumba. Ukisoma kwamba kitu fulani hufanya kazi katika joto la chumba, unatakiwa kufikiria chumba ambamo mtu anaweza kukaa na shati la mikono mifupi bila kulalamika. Waliotunga maneno hayo hawajakaa Nyeri mwezi wa saba. Mwezi wa saba kwetu ukungu hushuka asubuhi na kukataa kuondoka, nguo haikauki kambani, na watu huzungumza ndani ya nyumba wakitoa mvuke mdomoni. Profesa wangu alizaliwa hapa hapa na kuvaa sweta mbili mbili tangu utoto, na bado alisahau. Aliyesahau alikuwa yeye, aliyelipa nilikuwa mimi.

Nitamwita Profesa tu. Simfichi kwa heshima. Jina lake sitaki kuliandika, basi.

Alikuwa na akili, hilo sikatai, na alikuwa na ulimi wa kuchinja. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu ni wapi, nami nikadhani ni wema. Nikamwambia ni Tetu, baba alikufa nikiwa mdogo, na Mama alinisomesha kwa majani chai na maziwa ya ng'ombe wachache. Alisikiliza kwa makini sana. Tangu siku hiyo, kila nilipoharibu kitu maabarani, alisema mbele ya wenzangu, "Ng'ombe za kwenu zimekamuliwa leo, ama zinakungoja?" Wenzangu walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, maana mkono usioweza kuukata, ubusu. Niliubusu mkono ule hadi midomo ikachubuka.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza sumaku. Sumaku anayoijua kila mtu ni ya chuma au jamaa za chuma, kitu kilichochimbwa na kupita tanuruni. Sisi tulitaka sumaku ya kupika ndani ya chupa, kwa kuunganisha molekuli na madini kidogo, kitu chepesi, unga mweusi wa kumiminika. Watu wengi duniani wamezipika sumaku za aina hiyo. Taabu yake ni kwamba nyingi huwa sumaku kwenye baridi kali tu, baridi ambayo hata kilele cha mlima wetu hakiijui. Ukizipasha, chembe zilizokuwa zimeelekea upande mmoja huanza kuangalia kila moja upande wake, na sumaku inakuwa vumbi. Zikipoa zinarudi kwenye mstari. Ziko chache zinazostahimili joto, na katika hizo chache, nyingi zikiguswa na hewa zinaoza papo hapo na hazirudi tena. Kila mtu katika kazi hii anatafuta ile moja itakayobaki sumaku mezani, mchana kweupe.

Kwa sababu ya hiyo hewa, nilifanya kazi nikiwa nimetumbukiza mikono katika glavu nene za mpira zilizochomekwa kwenye sanduku la kioo lisilo na hewa ya kawaida ndani. Nikimaliza, niliufunga unga ndani ya mrija wa kioo kwa kuuyeyusha mdomo wake kwa moto. Kufunga mrija nilijua. Hata Profesa, ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote, alikuwa akinipa mirija ya wenzangu niwafungie.

Mama aliniuliza mara moja ninachokifanya huko mjini siku zote hizo. Nikamwambia natengeneza unga.

"Unga gani huo hausongwi ugali?" akasema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Mimi ni binti yake wa pili, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwa desturi yetu ananiita "maitu", yaani mama yangu. Alikuwa akiwaambia akina mama wa kanisa kwamba mama yake amerudi duniani kuwa daktari wa unga. Nilimkanya, na hakukanyika.

Hela za kazi yetu zilikuwa zinaisha. Wafadhili walikaa Nairobi, nao walisema wazi kwamba watakuja kuona kwa macho yao. Wakiona sumaku inayofanya kazi bila friji, ningelipiwa hadi nimalize shahada ya uzamifu. Wasipoona, nitafute pengine. Pengine hapakuwapo, na Profesa alilijua hilo kuliko mimi. Kila asubuhi alipita nyuma yangu na kusema, "Tetu iko na matatu mingi, usiogope."

Mwanzoni mwa Julai nilifunga mrija mmoja mpya. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu ya Mama. Niliisogeza karibu na kioo, bila matumaini yoyote, kwa mazoea tu. Unga ukaruka. Ulipanda ukuta wa mrija na kukaa hapo juu ukiwa umesimama wima, na nilipozungusha sumaku, nao ukazunguka. Nilipiga kelele maabarani mimi, mtu mzima. Nililia pia, na kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, kamasi ilishuka mpaka kidevuni.

Profesa alikuja, akautazama mrija, akaunyakua. Hakunipongeza. Kwenye mkutano wa idara alisema "tumefaulu". Kwenye simu, nikiwa nimesimama palepale, alisema "nimefaulu". Jioni hiyo aliwajulisha wafadhili kwamba amepata sumaku ya molekuli inayofanya kazi katika joto la chumba.

Nilimwomba kitu kimoja tu. "Prof, si tuipashe kidogo tuone itafika wapi? Hata na maji ya uvuguvugu tu."

"Room temperature ni room temperature," akasema. "Hii si uji ati ya kupasha. Hiyo tube ni moja. Ukiivunja utalipa na nini, maziwa?"

Mashine ya kuipima sawasawa hatukuwa nayo. Kidogo cha unga kilikuwa kimetumwa ng'ambo kwa rafiki yake na jibu lilikuwa halijarudi. Kipimajoto cha kawaida tulikuwa nacho. Kilining'inia nyuma ya mlango wa maabara, na juu yake, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, lilining'inia koti la Profesa. Siku nilipokuja kulisogeza lile koti, faida ilikuwa imeshapita, nikasoma nyuzi kumi na tatu.

Siku ya wageni ilipokaribia, alinigeukia kwa sauti laini ambayo sikuizoea. "Mama yako si anaweza kutuletea chakula? Hawa watu wasikule mandazi ya canteen." Nilifurahi. Naona aibu kwa jinsi nilivyofurahi. Mama alitoka Tetu alfajiri na nduma, viazi vitamu, birika kubwa la chai na jiko la makaa la kuipashia. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa, kilichopigwa pasi mpaka kikang'aa. Profesa alimshika mikono yote miwili na kumwambia kwamba amezaa mtoto wa maana.

Tulikuwa katika chumba cha mikutano, maana paa la maabara lilikuwa linavuja. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mtu wa Mombasa, mwenye sauti ya taratibu na viatu vya wazi. Viatu vya wazi, Nyeri, Julai! Mrija ulikuwa umebanwa kwenye kishikizo juu ya meza mbele yake, na sumaku ya redio ya Mama ubavuni mwake, karibu na juu. Unga ulikuwa umepanda na kukaa. Yule mama aliinama, akautazama kwa muda, akasema, "Mashallah. Na hakuna umeme wowote hapo? Hakuna barafu?"

"Hakuna, madam," Profesa akasema. "Joto la chumba."

Kama angeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini Profesa akishika chaki haiachi. Aliongea kuhusu shule aliyosoma ng'ambo, akaongea kuhusu nchi kujitegemea, akachora molekuli ubaoni na kuifuta na kuichora tena. Wageni walijikunyata. Mama wa Mombasa alikuwa ameficha mikono kwapani na meno yanagongana. Mama alikuwa mlangoni akiilinda birika. Alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Woi, huyu mama ataugua!" akasema kwa Kiswahili chake. "Miguu yake imekuwa rangi ingine. Wacha nirete jiko."

Kwetu mgeni hukalishwa karibu na moto. Ukimwacha mgeni atetemeke nyumbani mwako, umemtukana, na umejitukana wewe na waliokuzaa. Mama alilibeba jiko kwa vitambaa viwili, makaa yamewiva mekundu, akalisukuma chini ya meza mpaka kwenye miguu ya mgeni. Profesa mwenyewe aliondoa kiti chake ili lipite.

"Asante mama," akasema. "Hiyo ndiyo hekima."

"Mwenyezi Mungu akubariki, mama," mgeni akasema. "Nilikuwa nishaganda."

Joto likapanda. Nililisikia usoni nilipokuwa nimesimama kando ya ubao, joto zuri, la kulegeza mabega, na nilimshukuru Mama moyoni. Kisha nikatazama mrija. Chembe chache zilikuwa zimeachia kioo na kuteleza. Nyingine zikafuata. Unga wote ukateremka polepole ukuta wa mrija na kulala chini, tuli, kama masizi, na sumaku iko palepale ubavuni ikiita kitu ambacho hakikusikia tena.

"Profesa," mgeni akasema kwa upole, "mbona kimeanguka?"

Profesa aligeuka. Aliutazama mrija. Kisha akainamisha macho na kulitazama jiko. Nilimwona akilitazama. Akalitazama sawasawa, akainua uso, na akanitazama mimi.

"Hewa," akasema. "Imeingia hewa. Hizi vitu zikiguswa na hewa zinaharibika, na huyu ndiye alifunga tube."

"Prof, hiyo tube haivuji, naomba tu..."

"Unaomba nini? Miaka yote hii nakufundisha kufunga tube!" Akawageukia wageni na kutabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mbwa wake. "Mniwie radhi. Tunajaribu kusaidia hawa watoto wa mashambani, lakini mkono ukishazoea kukamua, kazi ingine inaushinda."

Mgeni mmoja alicheka kidogo, kwa adabu. Mama wa Mombasa hakucheka. Alivuta miguu yake karibu zaidi na makaa. Mama yangu alikuwa amesimama na birika mkononi. Neno "kukamua" alilielewa. Alimimina chai katika vikombe vyote bila kumwaga hata tone, akawapa wageni mmoja mmoja kwa mikono miwili, akampa na Profesa.

Waswahili husema aliyefukuzwa kazi amemwaga unga. Wangu ulimwagika mbele ya wageni, ndani ya mrija uliofungwa.

Walipokwisha kula nduma zetu waliondoka, na Profesa akawasindikiza hadi garini. Mimi nilibaki chumbani. Kupitia dirishani nilimwona akirudi na kusimama kwenye mfereji, ambapo Mama alikuwa akiosha vikombe. Aliinama karibu naye, akamwekea mkono begani, wakazungumza kidogo kwa Kikuyu, sauti ya chini. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilidhani anamfariji. Kwa dakika ile moja chuki yangu kwa Profesa ilipungua.

Niliburuta jiko hadi barazani na kufungua madirisha yote, kwa hasira tu, nikitaka harufu ya ile siku itoke. Ukungu ukaingia. Niliketi kwenye kiti cha mgeni, nikautazama mrija, nikifikiria nitawaambia nini watu wa kanisa. Chumba kikapoa. Vidole vyangu vikaanza kuuma. Na mbele ya macho yangu unga ukatikisika, ukapanda, ukasimama wima ubavuni mwa sumaku kama haukuwahi kuanguka.

Nilielewa yote mara moja. Kilichoozeshwa na hewa hakirudi. Huu ulikuwa umerudi. Mrija ulikuwa mzima, mkono wangu ulikuwa mzima, na unga ulikuwa sumaku ya kweli, ila mpaka wake ulikuwa mahali fulani kati ya asubuhi ya Nyeri na miguu ya mgeni aliyeota moto. Nilitoka mbio nikamwita Profesa. Nilimvuta mkono, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Alikuja, akasimama mbele ya meza akiwa amevaa lile koti lake.

"Nimeona," akasema.

"Basi tuwapigie simu! Hawajafika hata Karatina. Tuwaambie ni joto, si hewa. Tukijua inaishia wapi tunaweza kuibadilisha, tunaipandisha..."

"Niliwaambia joto la chumba," akasema. "Sasa niwaambie nini? Ati sijui chumba changu?"

"Lakini ni moto, Prof. Ni moto tu ndio uliofanya ianguke."

Akasema, kwa Kiswahili safi ambacho hukitumia akitaka kuumiza, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akajifunga vifungo vya koti. "Funga hizo madirisha, kuna baridi."

Hela hazikuja. Nilitafuta pengine, na pengine hapakuwapo, kama alivyojua. Nasikia siku hizi Profesa huzunguka mikutanoni akizungumzia sumaku "inayofaa mazingira ya nyanda za juu", na akiteremka Nairobi huubeba ule mrija ndani ya kisanduku cha barafu, kama vile vya kubebea chanjo za ng'ombe. Namtakia barafu iyeyuke njiani. Nalisema wazi na sijutii.

Mimi nafundisha kemia na fizikia katika shule moja ya Naro Moru. Ikifika mada ya sumaku nachukua sumaku na misumari, wanafunzi wanaokota misumari, kengele inalia.

Julai hii nilikwenda nyumbani Jumamosi moja. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemtembelea Mama, wamekaa sebuleni na makoti yao, vikombe vimekumbatiwa kwa viganja. Chumba kilikuwa baridi kama kisima. Mmoja wao alinitania wakiaga: "Mwambie mama yako sisi si maiti, atuwashie moto. Siku hizi kwake tunaketi kama mochari." Walicheka. Mama alicheka pia.

Walipotoka nikamwuliza kwa nini. Makaa yapo, gunia zima nyuma ya nyumba. Jiko lipo. Nilikumbuka sasa kwamba Julai iliyopita hakuwasha, na ile ya kabla yake pia, nami nilikuwa nikija, nikitetemeka, nikinung'unika, na kurudi Naro Moru bila kuuliza.

Alikunja blanketi magotini pake. Hakunitazama.

"Maitu," akasema, "ule unga wako bado unaogopa moto?"

"Nani alikuambia unaogopa moto?"

"Mwalimu wako. Siku ile, nikiosha vikombe. Alinieleza vizuri, hata hakunikasirikia. Alisema, mama, usimwambie mtoto, atakuchukia, lakini ni jiko lako limeua kazi yake." Alijipangusa pua kwa kona ya blanketi. "Nikaona nikae bila. Si kitu kikubwa. Mtu huzoea."

Kwangu Profesa alisema ni hewa na mkono wa kukamua, kisha mbaazi. Kwa Mama, dakika chache kabla ya mbaazi, alisema ni moto. Alijua ukweli tangu alipoinamisha macho chini ya meza, na alikuwa ametafuta mtu mmoja tu wa kumwambia, yule ambaye ungemuua bila kelele. Nilimtukana Profesa palepale, kwa Kikuyu, matusi ambayo sikujua kwamba Mama anayajua mpaka nilipomwona akifumba macho. Kisha nikapiga magoti mbele yake na kumweleza polepole. Kwamba moto hauui ule unga. Kwamba unaulaza tu. Kwamba siku ile ile, madirisha yalipofunguliwa, ulisimama tena wenyewe, nikauona kwa macho yangu, na kama ni kosa, lilikuwa la mtu aliyeita baridi ya Nyeri joto la chumba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akinitazama sasa.

"Kwa hiyo ukipoa unarudi," akasema.

"Unarudi, Mama. Unarudi kabisa."

"Na wewe mbona hukurudi?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilijaza jiko makaa, nikaliwasha, nikalipepea mpaka yakawiva yote, nikalibeba kwa vitambaa viwili hadi sebuleni na kuliweka mbele ya kiti chake. Mama alivuta miguu yake mbali na makaa, akaificha chini ya kiti.